Zana za Kutengenezea Vijia vya Baiskeli Milimani: Majina na Matumizi

Hivi karibuni ililetwa mbele yetu tafsiri ya mwongozo mfupi unaohusu utengenezaji wa vijia vya baiskeli milimani. Mfasiri alikuwa ameifanya kazi yake kwa bidii, wala hakukosea sarufi hata mara moja. Lakini katika ukurasa wa tatu tulikuta sentensi hii: "Mteremko usizidi nusu ya mteremko, na mteremko uwe sehemu tano kwa mia." Tuliisoma mara mbili tukacheka. Tulipoisoma mara ya tatu, kicheko kiliisha. Msimamizi wa kazi atakayekabidhiwa sentensi hiyo atachimba nini? Na mvua ya masika ikishuka juu ya hicho alichokichimba, ni nani atakayelaumiwa: msimamizi, mfasiri, au lugha?

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya lugha. Kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo kama haya. Sisi hatukubaliani nao. Karibu zana zote zinazotajwa katika kazi hiyo zina majina katika karakana, mashamba na misitu yetu, na zile chache zisizokuwa na majina zinaweza kupewa bila ya kuondoka katika kanuni tunazozijua. Kilichopungua ni utaratibu wa kuliweka kila jina mahali pake. Makala haya yanakusudia kusaidia katika jambo hilo.

Asili ya jambo lenyewe

Baiskeli ya milimani, yaani ile yenye fremu imara, matairi mapana yenye vishikio na breki zenye nguvu, ilianzia Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco katika jimbo la California, walikuwa wakizichukua baiskeli kuukuu na kuteremka nazo kwa kasi katika barabara za udongo. Mashindano yao mashuhuri yalianza tarehe 21 Oktoba 1976. Baada ya muda mfupi viwanda vikaanza kuziunda baiskeli za namna hiyo, na mchezo ukaenea duniani.

Mchezo ulipoenea, ulizua ugomvi. Waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba magurudumu yanaharibu njia, na baadhi ya njia zikafungwa. Mwaka 1988 vyama kadhaa vya waendesha baiskeli vya California viliungana na kuunda chama kimoja cha kimataifa, na tangu hapo fundisho kubwa la chama hicho limekuwa hili: anayetaka kupita na baiskeli msituni hana budi ajifunze kushika jembe. Hapo ndipo elimu ya zamani ya walinzi wa misitu wa Marekani, pamoja na zana zao, ilipoingia katika mikono ya waendesha baiskeli.

Huku kwetu nako jambo hili si geni tena. Katika msitu wa Karura mjini Nairobi, na katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, baiskeli zinaruhusiwa. Miongozo ya kazi za namna hii inaandikwa kwa Kiingereza, lakini washika majembe wanazungumza Kiswahili. Ndiyo maana suala hili linawahusu watafsiri, walimu na watumishi wa serikali, na si wanamichezo peke yao.

Mteremko, mpando na mwinamo

Tuanze na ile sentensi iliyotukwaza. Ndani yake mna vitu vitatu mbalimbali, na kila kimoja chastahili jina lake.

Cha kwanza ni jinsi ubavu wa kilima wenyewe ulivyoinuka. Hicho ndicho tunachopendekeza kiitwe mteremko. Mteremko ni wa kilima. Mwanadamu ameukuta hapo.

Cha pili ni jinsi kijia kinavyopanda au kushuka kwa urefu wake. Tunapendekeza kiitwe mpando. Huenda msomaji akauliza: njia ile ile si ni mpando kwa aendaye na mshuko kwa arudiye? Ni kweli. Lakini kipimo ni kile kile kwa wote wawili, na istilahi moja yatosha. Kijia kinachoinuka mita 10 katika kila mita 100 za mwendo kina mpando wa sehemu 10 kwa mia, hata kama leo tunakishuka.

Cha tatu ni jinsi uso wa kijia unavyolala kutoka upande wa kilimani kuelekea upande wa bondeni. Tunapendekeza kiitwe mwinamo, kwa kuwa kijia huinama kidogo kuelekea bondeni kama mtu amwagaye maji yaliyo mgongoni. Kijia chenye upana wa mita 1 na mwinamo wa sehemu 5 kwa mia kitakuwa na ukingo wa nje ulio chini ya ukingo wa ndani kwa sentimita 5.

Sasa sentensi yaweza kuandikwa hivi: "Mpando wa kijia usizidi nusu ya mteremko wa kilima, na mwinamo wa uso wake uwe sehemu tano kwa mia." Mtu akiisoma anajua la kufanya. Kilima chenye mteremko wa sehemu 16 kwa mia hakitapewa kijia chenye mpando unaozidi 8.

Sababu ya kanuni hiyo ni maji. Maji hutafuta njia iliyo rahisi kushukia. Kijia kinachopita kando ya kilima kwa mpando mdogo, maji hukikata na kuendelea na safari yake bondeni. Lakini kijia kinachoshuka moja kwa moja na mteremko, maji hukifanya mfereji wake. Mvua ya kwanza huchora mchirizi, ya pili huchimba mfereji, na baada ya misimu michache hapana kijia tena bali korongo. Watumiaji nao hukwepa korongo na kufungua njia nyingine ubavuni mwake, nayo ikaharibika vivyo hivyo. Yote hayo yaweza kutokana na neno moja lililotumika mara tatu.

Aidha kuna kanuni nyingine iendayo pamoja na hiyo: kwa jumla ya safari, wastani wa mpando usizidi sehemu 10 kwa mia, hata pale ambapo kilima kina mteremko mkali. Tena, mahali pengi njiani kijia kinachoshuka hufanywa kipande kidogo kipande juu kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yakusanyike pale chini na kutoka nje. Hapo tunaona hapana haja ya kuunda neno jipya. Kibonde cha kutolea maji chatosha.

Kibaraza

Kijia cha milimani hukatwa ndani ya ubavu wa kilima, kikawa kama ubapa mwembamba wenye ukuta wa udongo upande wa juu. Ubapa huo uitweje? Majina matatu yalipendekezwa mbele yetu.

La kwanza ni tuta. Tumelikataa kwa sababu tuta ni udongo ulioinuliwa, na hapa udongo umeondolewa. La pili ni ngazi. Nalo lina kasoro mbili: kwanza, mtu akisikia ngazi atafikiri vipandio vya kukanyagia, na vipandio hivyo navyo hujengwa katika vijia, pili, katika kilimo cha milimani neno hilo limekwisha kuhusishwa na makinga mmomonyoko, kama yale waliyolazimishwa watu wa milima ya Uluguru wakati wa ukoloni, mpaka wakayapinga mwaka 1955. Si vema kulipa neno moja mizigo miwili.

La tatu ni kibaraza, na hilo ndilo tunalolipendelea. Mtu aliyewahi kuketi nje ya nyumba ya pwani anakijua kibaraza: ni kikalio cha mawe kilichoshikamana na ukuta, kirefu na chembamba. Kijia nacho kimeshikamana na kilima kwa namna hiyo hiyo. Kikikatwa chote ndani ya ardhi ngumu ya kilima, ni kibaraza kamili. Kikikatwa nusu tu, na nusu ya nje ikajazwa udongo uliochimbwa, ni nusu kibaraza. Tofauti hii si ya maneno matupu. Udongo wa kujazia hudidimia, na ukingo wa nje ukidondoka baiskeli huenda nao. Ndiyo maana kibaraza kamili husifiwa zaidi, ingawa kazi yake ni kubwa.

Zana zenye sura mbili

Katika zana zote za kazi hii, mbili ndizo zilizowasumbua watafsiri, kwa sababu kila moja ina sura mbili na hujulikana kwa jina la mtu.

Ya kwanza inaitwa Pulaski. Ed Pulaski alikuwa mlinzi wa misitu katika jimbo la Idaho, Marekani. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910 moto mkubwa uliteketeza misitu ipatayo ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington. Pulaski aliwaongoza watu wake wapatao 45, akawaingiza katika shimo la mgodi wa zamani karibu na mji wa Wallace, na wengi wao wakanusurika. Katika miaka iliyofuata aliitengeneza zana iliyochukua jina lake: upande mmoja ni shoka kamili, na upande wa pili ni bapa la jembe jembamba lililokaa kama tezo. Kwa zana hiyo mtu mmoja huweza kukata mzizi na kuchimbua udongo pasipo kubadilisha mpini. Iliundwa kwa ajili ya kupambana na moto, lakini imekuwa rafiki wa kila mchimba vijia.

Tunapendekeza iitwe shokajembe. Muundo huu si mgeni. Tunao katika batamzinga na bwanashamba, ambapo jina la kwanza ndilo kichwa na la pili huliongezea maana. Kwa bahati njema majina yote mawili yamo katika ngeli moja, hivyo upatanisho hauna taabu: shokajembe hili, mashokajembe haya.

Ya pili inaitwa McLeod, kwa jina la Malcolm McLeod, mlinzi wa msitu wa Sierra huko California, aliyeiunda mwaka 1905. Upande mmoja ina meno mapana ya reki, na upande wa pili ina bamba pana lenye makali kama jembe. Meno hukusanya majani na mawe madogo. Bamba hukwangua na kusawazisha. Na zana ikisimamishwa wima, uso wake wa chini hushindilia udongo. Mfasiri mmoja aliiita "jembe la meno". Hilo ni kosa la kuepukwa, kwa maana jembe la meno ni zana nyingine inayojulikana sana na wakulima, yenye vyuma virefu vitatu au vinne vya kutifulia ardhi ngumu. Mtunza ghala akisoma "jembe la meno" atalitoa hilo, na atakuwa hakukosea. Sisi tunapendekeza rekijembe. Kwa kuwa kichwa chake ni reki, upatanisho utafuata reki: rekijembe hii, rekijembe hizi.

Wengine wameuliza kwa nini tusiseme tu "pulaski" na "makilaudi". Jibu letu ni kwamba jina la mvumbuzi humpa heshima yake, lakini halimwambii mfanyakazi chombo kinafanya nini. Hata hivyo hatuyakatazi. Anayeagiza zana kutoka ng'ambo hana budi kuandika Pulaski au McLeod, vinginevyo hataletewa kitu. Basi na yawe majina ya hati za kununulia, na shokajembe na rekijembe yawe majina ya kazini.

Zana tulizo nazo tayari

Sururu ni jina lenye kuenea, na sehemu nyingi wasema sululu. Lakini zipo sururu za namna mbili: ile yenye ncha pande zote mbili, na ile yenye ncha upande mmoja na bapa upande mwingine. Kwa kazi ya kijia ya pili ndiyo hutumika zaidi. Tunapendekeza ya kwanza iitwe sururu ya ncha mbili, na ya pili sururu ya bapa.

Mtaimbo ni fimbo nene ya chuma, ndefu na nzito, ya kubingirishia mawe. Mwongozo tuliousema ulieleza kwamba jiwe kubwa huondolewa kwa "nyenzo", na karani aliyeupitia aliandika pembeni: "Nyenzo zipi? Fedha zimetengwa?" Karani huyo asilaumiwe. Neno wenzo, wingi wake nyenzo, maana yake ya asili ni mti au chuma cha kuinulia kitu kizito kwa kukiegemeza juu ya kitu kingine. Lakini ofisini neno nyenzo limekuwa na maana ya mahitaji yote ya kazi. Pale inapohofiwa kwamba maana mbili zitagongana, mfasiri ataje chombo chenyewe: mtaimbo na jiwe la kuegemezea.

Misumeno nayo yataka uangalifu. Wapasua mbao wetu wanatofautisha kupasua na kukata: kupasua ni kuufuata urefu wa gogo, na kukata ni kulipitia gogo kwa upana wake. Meno ya msumeno wa kupasulia si kama meno ya msumeno wa kukatia. Mti ulioanguka juu ya kijia hukatwa, haupasuliwi; kwa hiyo katika orodha paandikwe msumeno wa kukatia, na ukiwa mrefu wenye mipini miwili, msumeno wa kukatia wa watu wawili. Msumeno huu haujapitwa na wakati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inayohusu maeneo ya nyika zilizohifadhiwa inakataza mashine za injini humo, hivyo msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, hauingii ila kwa ruhusa maalumu. Yafaa pia ikumbukwe kwamba baiskeli nazo haziruhusiwi katika maeneo hayo.

Fyekeo, ambalo sehemu nyingine ni kwanja, panga, beleshi, nyundo ya mawe na toroli ni zana ambazo majina yake hayahitaji kuguswa. Anayesema wilbaro na anayesema toroli wote wataeleweka. Muhimu ni kutumia jina moja tangu mwanzo wa hati hadi mwisho.

Zana zinazohitaji jina

Zimebaki mbili. Moja ni bamba zito la chuma la mraba lenye mpini wima, la kupigia udongo hadi ukaze. Kitenzi kipo: kushindilia. Kwa kanuni ile ile iliyotupa kifuniko kutoka kufunika, tunapata kishindilio. Kuna waliopendekeza mchi, lakini mchi hutwanga kilichomo ndani ya kinu, wala haukazi ardhi.

Ya pili ni chombo kidogo cha kuchungulia kwa jicho, kinachoonyesha kwa sehemu za mia jinsi ardhi ilivyoinuka. Kwa mfano wa kipimajoto, mtu angeweza kusema kipimamteremko. Lakini tumekwisha kutenganisha mteremko, mpando na mwinamo, na chombo hiki hupima vyote vitatu. Tukikipa jina la kimoja tutaurudisha mkanganyiko tuliouondoa. Kwa hiyo tunaonelea lichukuliwe neno linalotumika katika lugha nyingi, kwa maandishi yetu: klinometa. Kukopa si aibu pale ambapo neno la kwetu lingepotosha.

Vifaa vya kinga

Tunapendelea kutenganisha zana, yaani vitu vya kufanyia kazi, na vifaa vya kinga, yaani kofia ngumu, glavu, miwani ya kinga na viatu vya ngozi vyenye soli imara. Zana zenye makali zivikwe ala zinaposafirishwa.

Hapa pia neno lisilo sahihi huweza kumwaga damu. Miongozo inafundisha kwamba shokajembe hubebwa kwa mkono ulio upande wa bondeni, likishikwa karibu na kichwa chake, wala haliwekwi begani. Sababu ni kwamba mtu akiteleza atalitupa bondeni badala ya kuliangukia. Tafsiri isemayo "mkono wa kulia" ni sahihi wakati wa kwenda, lakini ni hatari wakati wa kurudi. Vilevile wafanyakazi huachiana nafasi ya mita 3 hivi. "Wasikaribiane sana" si tafsiri ya mita 3.

Muhtasari wa mapendekezo

Kijia: njia nyembamba ya kupita kwa miguu au kwa baiskeli.
Mteremko: kuinuka kwa ubavu wa kilima.
Mpando: kuinuka kwa kijia kwa urefu wake.
Mwinamo: kulala kwa uso wa kijia kuelekea bondeni.
Kibaraza: ubapa uliokatwa ubavuni mwa kilima ili kijia kipite.
Kibonde cha kutolea maji: mahali ambapo kijia hupanda kidogo ili maji yatoke nje.
Shokajembe: zana yenye shoka upande mmoja na jembe jembamba upande wa pili.
Rekijembe: zana yenye meno ya reki upande mmoja na bamba la makali upande wa pili.
Sururu ya bapa: sururu yenye ncha upande mmoja na bapa upande wa pili.
Kishindilio: zana ya kukazia udongo.
Klinometa: chombo cha kupimia mteremko, mpando na mwinamo.

Haya ni mapendekezo, si amri. Hakuna orodha inayolifanya neno liishi. Neno huishi linapotamkwa na mtu aliyeshika mpini. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, hasa wale wakaao milimani, waende kwa mafundi wachimbao njia na mitaro, waulize zana hizi huitwaje huko, na watuandikie. Ikiwa mahali fulani watu wamekwisha kuwa na neno bora kuliko kibaraza, tutalipokea kwa furaha na kulifuta la kwetu. Na yule mfasiri aliyetuletea sentensi ya miteremko mitatu tunamshukuru, kwani bila ya kosa lake tusingeutafakari mpando.